Kaka Yangu na Rupia za Vihingo

Kaka yangu alifika Kibaha mke wake akiwa ameshazikwa. Alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu huko Geita, na simu yetu ilimkuta yuko chini shimoni. Alipopanda juu, akaoga, akapata basi, sisi huku tulikuwa tumeshaosha maiti, tumeshaswali, tumeshafukia. Maziko yetu hayangoji mtu, hata awe mume.

Nilikwenda kumpokea stendi. Alishuka na begi dogo la nguo na kitu kirefu kilichofungwa ndani ya gunia. Alikuwa amekonda, na alikuwa na kikohozi kikavu ambacho nilidhani ni vumbi la safari.

"Tumeshamzika, kaka," nilimwambia.

"Najua. Mngefanyaje." Alilishusha gunia taratibu kama mtu anayeshusha mayai. "Alisema nini?"

"Hakusema kitu. Homa ilipanda, akapoteza fahamu. Hakuamka tena."

Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeambiwa basi limeshaondoka, akaniuliza makaburini ni upande gani. Hakupita hata nyumbani kunywa maji.

Hawakujaliwa mtoto. Chumba walichopanga tulikirudisha kwa mwenyewe, vyombo tukavigawa, na kaka akahamia kwangu Tangini, pale pale Kibaha. Mimi ni fundi cherehani, nashona barazani kwangu, kwa hiyo kutwa nzima nilikuwa namwona. Alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango akitazama barabara. Wateja walimpa pole, akapokea, kisha wakamzoea, wakaanza kumruka kwa macho kama wanavyoruka ndoo. Kikohozi hakikwisha. Nilimwomba twende hospitali, akasema wachimbaji wote wanakohoa.

Baada ya arobaini ndipo alipolifungua lile gunia. Ndani kulikuwa na mashine ya kutafutia madini: mpini mrefu, sahani nyeusi ya duara chini, kisanduku cha betri, na visikilizio vya kuvaa masikioni. Kule machimboni waliitumia kutafuta vipande vya dhahabu vilivyobaki juu juu ya ardhi. Aliijaribu uani kwangu. Akatoa vizibo vya soda, misumari ya bati, sindano za cherehani yangu zilizovunjika, na kijiko nilichokuwa nimekitafuta mpaka nikakisahau. Akanivisha visikilizio ili nisikie mwenyewe. Chuma kilikuwa na sauti nzito ya kukoroma. Aliposogeza sahani juu ya pete yangu ya fedha, sauti ikapanda, nyembamba, safi, kama kitoto kinachoita kutoka chumba cha mbali.

"Nataka kwenda Vihingo," akasema.

Vihingo ndiko kwetu upande wa baba. Shamba lipo, mikorosho ipo, na shangazi yetu, dada yake marehemu baba, ndiye aliyekuwa amebaki huko peke yake. Tangu utoto tulisikia kwamba babu wa babu yetu alichimbia rupia za Mjerumani chini ya nyumba yake, akafa bila kumwonyesha mtu. Kila ukoo wa Kisarawe una hadithi ya namna hiyo. Sikuiamini. Ila ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kaka yangu kusema anataka kitu, nikafunika cherehani, nikafuatana naye.

Tulichukua pikipiki kutoka Mlandizi. Shangazi alitusikia kabla hatujashuka. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, alikuwa anaona vivuli tu, lakini sauti za watu alizijua zote.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba wanangu. Huyu mwingine mbona anakohoa kama gari bovu?"

Kaka akamweleza habari ya mashine. Shangazi akasikiliza huku akimenya muhogo, kisu kinakwenda chenyewe mkononi.

"Chimba unapotaka," akasema mwishoni. "Makaburini usiingie na hicho kitu. Nikisikia kinalia upande ule, utalala porini."

Kaka akaapa. Mwenyekiti wa kitongoji naye akaja, akaitazama mashine, akasema kwa shamba la familia yeye hana neno, ila tukipata kitu cha maana aambiwe.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Yeye alihamia Vihingo moja kwa moja, mimi nikawa nakwenda mwisho wa wiki nikiwa na sukari, dawa ya kifua na betri. Nilikuwa nakaa chini ya kivuli na mikono ya magauni ya kushona, naye anapita taratibu kwenye mistari, kulia na kushoto, kama mtu anayefagia. Akisikia kitu anapiga magoti, anakata udongo kwa sururu fupi, anachekecha kwa vidole. Jembe lililoliwa na kutu. Kengele ya baiskeli. Maganda ya risasi yaliyogeuka kijani. Kifungo cha shaba cha koti la askari, chenye taji. Kila kitu alikifuta kwa kanga ya mkewe, ambayo alikuja nayo kutoka kwangu bila kuniambia.

Siku moja akaokota kisarafu chekundu cha shaba, kikiwa na maandishi ya Kijerumani. Akampa shangazi, naye akakipapasa.

"Hii ndiyo hela," shangazi akasema. "Hela yenyewe. Nyie mnasema hela, hela, hamjui mnasema nini. Mjerumani ndiye aliyekiita hivyo kidude hiki."

Rupia ilipatikana mahali nyumba ya zamani ilipokuwa, ambapo sasa kulikuwa na kichuguu na mnyonyo. Nilikuwepo. Kaka alivua visikilizio na kunitazama, nikaelewa. Aliichimbua kwa vidole tu. Ilikuwa nyeusi, lakini alipoisugua kwa majivu na maji ya ndimu ikatoka nyeupe, na juu yake kulikuwa na mzungu mwenye masharubu, amevaa kofia ya chuma yenye ndege juu.

Nilitegemea atafurahi. Aliishika tu mkononi, kisha akasema, "Moja. Hakuchimbia. Ilimdondoka."

Shangazi alipitisha kidole usoni pa yule mzungu, kwenye pua, kwenye masharubu, mpaka kwenye ndege. "Baba yangu alinihadithia," akasema. "Kodi ya nyumba ilikuwa rupia. Asiyekuwa nayo akapelekwa kulima pamba ya serikali. Kaka yake babu yangu hakuwa nayo. Akaja askari, akamvisha mnyororo shingoni pamoja na wenzake, wakapita nao njia ile ya bondeni. Hawakurudi." Akamrudishia kaka rupia yake. "Ninyi mnatafuta mali. Hapa hapakuwa na mali."

Maneno yale hayakumzuia. Habari za rupia nazo hazifichiki. Wiki iliyofuata alitokea mwanamume mmoja kutoka Misugusugu, mnene, mchangamfu, aliyejiita mnunuzi. Alikuja na punje za mchele ndani ya karatasi. Alisema rupia yenye nguvu inavuta mchele kama sumaku, na matajiri wa mjini wanaitafuta kwa udi na uvumba. Akaiweka rupia yetu juu ya meza, akazungusha punje, punje zikalala pale pale.

"Hii imekufa," akasema. "Lakini ilipokuwepo iliyokufa, na hai ipo. Braza, wewe una mashine, mimi nina watu. Tusaidiane."

"Huyu tapeli," nilimwambia kaka alipoondoka.

"Najua."

"Sasa unamkaribisha wa nini?"

"Anaongea sana," kaka akajibu. "Huku jioni ni kimya mno, dada."

Basi mnunuzi akawa anakuja. Ndiye aliyemshawishi kaka kuliacha shamba la juu na kushuka bondeni, kwenye ile njia ya zamani ambayo shangazi aliitaja. Njia yenyewe ilikuwa imebaki kama mkunjo tu katika majani, miti mikubwa huku na huku. Mvua za vuli zilikuwa hazijaanza. Nilikuwa nimekuja na uji kwenye chupa, nikawafuata huko.

Mashine ililia pembeni ya njia, chini ya mti wa mtondoo. Hata mimi niliyekuwa nimesimama mbali nilisikia ukoromo ukitoka kwenye visikilizio alivyokuwa ameviteremsha shingoni. Kaka alizungusha sahani. Kila alipoisogeza, sauti ilikuwepo.

"Sanduku!" mnunuzi akasema. "Wallahi, sanduku la chuma hilo!"

Wakachimba kwa zamu, ila zamu za kaka zilikuwa fupi kwa sababu ya kifua. Udongo wa juu ulikuwa mgumu, wa chini laini, na kaka akasema ule ulaini maana yake palishawahi kuchimbwa. Jua lilikuwa la saa nane walipogusa chuma. Halikuwa sanduku. Ulikuwa mnyororo, nene pete zake, umeshikana kwa kutu. Kaka akaufuata kwa mkono akiondoa udongo, mpaka akafika kwenye duara kubwa la chuma. Ndani ya duara kulikuwa na mfupa.

Nilidhani ni wa mnyama. Kaka hakudhani. Alitoka shimoni, akakaa ukingoni akakohoa muda mrefu, kisha akarudi ndani na kuendelea kwa vidole, polepole sana. Walikuwa wawili. Walilala ubavu, mmoja nyuma ya mwenzake, kila mmoja na duara lake shingoni, na mnyororo mmoja uliowaunganisha. Aliyewafukia hakuona sababu ya kuwafungua. Mmoja wao meno yake yote yalikuwepo, meupe, ya kijana.

Nilitaka kusoma dua na nikakosa ya kusoma.

Mnunuzi ndiye aliyezungumza kwanza, kwa sauti ya chini yenye furaha. "Ndiyo dalili yenyewe hiyo. Mjerumani akichimbia mali, waliobeba anawaua anawalaza juu, wailinde. Tukiwatoa hawa, chini yake ndipo penyewe."

"Toka shimoni," kaka akamwambia.

"Braza, sikiliza..."

"Nimesema toka."

"Mifupa hii ina miaka mia! Nani atakuuliza? Nipe sururu, kama wewe unaogopa."

Akaishika sururu. Kaka alikuwa hana nguvu za kupigana na mtu mnene kama yule, na wote wawili walilijua hilo. Alichofanya ni kulala. Aliingia shimoni, akajinyoosha kwa uangalifu pembeni ya ile mifupa, uso juu, mikono kifuani, akafumba macho.

"Chimba," akasema.

Mnunuzi alisimama na sururu yake. Alinitazama mimi, nikamtazama. Akatema mate pembeni, akatupa sururu, akapanda njia akizungumza peke yake. Nilimwita kaka atoke. Hakutoka haraka. Nikaona machozi yanashuka kuelekea masikioni, na yeye hata hafuti. Nilijua hawalilii wale tu.

Mwenyekiti aliitwa, akawaita polisi, polisi wakaja na daktari. Daktari alikuwa kijana mwenye adabu. Aliangalia mifupa, akasema ni ya zamani mno, hakuna kesi hapa. Askari waliuchukua mnyororo, wakasema utapelekwa kwa wahusika wa mambo ya kale. Kuukata ule mnyororo ndiyo kazi iliyokuwa ngumu. Fundi wa kuchomelea aliletwa na msumeno wa chuma, kaka akawashikia wale watu shingo zao wasitikisike, kama unavyomshikia mgonjwa.

Tulipofika kwa shangazi, kaka akapiga magoti mbele yake. "Shangazi, nadhani tumempata. Kaka yake babu yako."

Shangazi akamgeuzia sikio.

"Yuko na mwenzake. Wana minyororo, kama ulivyosema. Njia ni ile ile."

"Njia ile walipita wengi," shangazi akasema. "Usinipe maiti nisiyoijua ukaniambia ni ndugu yangu. Nikimpokea huyu, na yule wa kweli akiwa amelala kwingine, atasema nimemfunika mtu mwingine kwa jina lake."

"Kwa hiyo tusiwazike?"

"Nani amesema msiwazike? Wazikeni. Wazikeni kwetu. Ila jina msiwape."

Dini yao hatukuijua. Imamu akasema atawasomea dua. Katekista wa kigango cha jirani naye akaja, bila kuitwa, akiwa na shati lake la kanisani, akasimama nyuma, na ilipofika zamu yake imamu akampisha. Watu walikuja wengi kuliko nilivyotarajia, wazee kwa vijana, kila mmoja nadhani akihesabu wa kwao aliyepotea. Sanda mbili fupi nilizishona mimi. Nilipokuwa nakata kitambaa sikujua nipime nini.

Kaka hakuiwasha mashine tena. Alibaki Vihingo akilima muhogo kidogo kidogo, akikaa na shangazi jioni. Nilianza kupumua. Nilidhani amani imemwingia, na labda kweli ilimwingia, kwa muda wa mvua zile.

Mvua zilipokatika nikapigiwa simu na mwenyekiti. Nilipofika, kaka alinipeleka bondeni. Lile shimo chini ya mtondoo lilikuwa limechimbwa upya, kubwa, refu kupita kimo cha mtu, na chini yake hapakuwa na kitu ila maji machafu na chupa ya pombe kali. Waliofanya vile hawakuishia pale. Walipanda mpaka makaburini kwetu. Walikuwa wamesikia kwamba wale wawili wamehamishwa, na kwa akili zao, walinzi wakihamishwa na mali inahamishwa. Kaburi lilifunuliwa. Sanda nilizozishona zilikuwa juu ya majani, zimeraruliwa, na mifupa imetupwa huku na huku kama kuni.

Sikuwahi kujua kwa hakika ni nani. Mnunuzi wa Misugusugu hakuonekana tena, simu yake ikawa haipatikani, lakini sikumwona akichimba, siwezi kuapa. Polisi waliandika, wakaondoka.

Kaka aliikusanya mifupa mwenyewe. Alikataa msaada. Ilikuwa imechanganyika, na hakukuwa na njia tena ya kujua upi ni wa nani, akawaweka pamoja katika shuka moja. Alifukia kaburi siku nzima chini ya jua lile, akipumzika, akikohoa, akishika tena koleo. Jioni niliona damu kwenye ile kanga ya mkewe. Aliniambia ni ufizi.

Hospitali walisema mapafu. Vumbi la mawe, miaka yote ile ya kuchimba, limejenga humo ndani na haliondoki. Wangempa hewa, wangempa dawa za kupunguza maumivu. Alilala wodini Kibaha akiwa ameketi, maana kulala chali kulikuwa kunamziba pumzi. Siku moja aliniambia, akikatiza kila maneno mawili kuvuta hewa, "Usinisafirishe usiku. Na wewe uwepo."

"Nipo, kaka."

"Mwisho. Uwepo."

Nilikuwepo. Ilikuwa asubuhi, wauguzi wanabadilisha mashuka, mtu wa jirani anakunywa chai. Alinishika mkono, akavuta pumzi, akavuta nyingine, ya tatu haikuja.

Tulimpeleka Vihingo, kumzika karibu na wale wawili. Wanaume walipokuwa wanachimba, ndugu mmoja wa mjini akasema tutakuja kumjengea kaburi zuri, saruji na marumaru, jina lake juu. Shangazi alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wenzake. Akainua kichwa.

"Msijenge," akasema. "Wakiona saruji watadhani kuna kitu chini."

Hata alama ya mti hatukuiweka. Udongo ulisawazishwa, likabaki tuta dogo tu, na shangazi akaagiza majani yaachwe yaote.

Nimekwenda juzi, baada ya masika. Shangazi sasa haoni kabisa, anaishi na binti wa jirani anayempikia. Nilimsalimia, nikaenda peke yangu makaburini nikiwa na kitabu changu cha dua. Majani yalikuwa yamenifika kiunoni, ya kijani, yote sawa. Nilidhani ningepajua. Nilikuwa nimesimama pale siku ile, nikaona kila koleo. Nilizunguka huku na huku nikayatenganisha majani kwa mikono, nikaona tuta moja lililotitia, na hatua kidogo mbele lingine. Moja lilikuwa la kaka na moja la wale wawili, na sikuweza kusema lipi ni lipi. Nilirudi kumuuliza shangazi, akanyoosha mkono kuelekea upande ambao hakukuwa na makaburi kabisa.

Nikarudi kule kwenye majani. Nikasimama katikati ya yale matuta mawili, nikafungua kitabu, nikasoma.